Siku Tano Nilizoona Aibu Kwenda Hospitalini

Kwanza naomba mnisamehe mwandiko wangu. Niliacha shule baada ya darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umeshika mkaa kuliko kalamu. Karatasi hizi zimenichukua wiki tatu. Herufi nyingine zimelala, na najua kuna maneno nimeyakosea. Dada wa kliniki aliniambia niandike tu ushuhuda wangu, kwa sababu nikisimama mbele ya watu sauti inakwama kooni. Ni kweli. Hata kanisani sijawahi kushuhudia. Kwa hiyo leo nimesimama kwenye karatasi.

Naitwa Akiru. Nina miaka ishirini na mitatu. Nimezaliwa Lodwar, upande wa mto Turkwel, ambako mimi na mama tulikuwa tukisuka vikapu vya majani ya mkoma na kuwauzia wageni. Nilikuwa na afya njema. Sikuwahi kulala kitanda cha hospitali. Nilipofika miaka kumi na minane niliolewa na Ekal, dereva wa bodaboda, akanileta Kakuma. Tulijenga boma nje ya kambi ya wakimbizi, pamoja na mama yake. Sote tunamwita Ata, yaani nyanya. Ata si mtu mbaya. Naandika hivyo mapema ili msimchukie mkifika mbele.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka mkaa kambini. Huko nilipata rafiki, Nyibol, mama wa Sudan Kusini anayekaanga mandazi. Siku ya kwanza aliutazama mkaa wangu akasema, "Huu mkaa au matope? Wewe unataka wateja wangu walie moshi?" Akacheka, akanipa andazi, akachukua gunia lote.

Nilipopata mimba nilienda kliniki mara moja. Nesi aliniuliza jina mbele ya watu, nikajibu kwa sauti ya chini. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Wanawake waliokaa kwenye benchi wakacheka. Hawakuwa na ubaya, lakini mimi nilitoka pale nimelowa jasho, nikaapa kurudi siku ya kuzaa tu. Hata hivyo, kabla sijatoka, nesi yule aliniambia jambo moja: "Ukipata homa, hata kidogo, kuja siku hiyo hiyo. Usingoje." Nilisikia. Sitaki kudanganya kwamba sikuambiwa.

Mimba ilipofika mwezi wa tano mvua ilinyesha sana. Laga, ule mto wetu mkavu wa mchanga, likajaa, maji yakapita, yakaacha madimbwi kila mahali, na mbu wakawa wengi. Mtoto alikuwa ameanza kucheza tumboni. Siku moja nikiwa njiani na gunia kichwani, saa sita ya mchana, jua la Kakuma mnalijua, nilisikia baridi. Meno yakaanza kugongana. Nilitua gunia nikakaa juu yake, nikajikunja kama mtu aliyenyeshewa. Nilipofika nyumbani nilitapika maji ya kijani. Mkojo wangu ulikuwa mweusi kama chai ya rangi.

Ata aliniwekea mkono tumboni. "Tumbo linachemka," akasema. "Hii si homa ya kawaida."

Alienda kwa emuron, mganga wetu anayeona mambo kwa ndoto. Emuron akataka mbuzi wa kahawia mwenye paji jeupe. Mbuzi wa namna hiyo kwetu alikuwa mmoja tu, yule wa maziwa, na Ata alikuwa akimpenda kuliko wote. Hakusita. Asubuhi mbuzi alichinjwa. Ata akachukua majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi, yakiwa bado ya moto, akanipaka tumboni, kifuani na usoni. Juu yake akapaka udongo mweupe. Akasema homa itatoka kwangu na kuingia katika yale majani, na nisioge mpaka siku ya tano, nikioga itarudi.

Jioni hiyo nilitoka jasho jingi, mwili ukapoa. Ata alifurahi, akaimba. Sasa najua malaria huenda na kurudi, lakini wakati ule sote tuliamini. Kesho yake, saa ile ile, baridi ikaja tena, kisha moto.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Ile kliniki ilikuwa karibu. Ungeweka maji ya chai motoni, ungefika kabla hayajachemka. Ekal hakunikataza. Ata mwenyewe hakusema nisiende, alisema nisioge tu. Lakini mimi nilinusa mwili wangu. Majani yalikuwa yamekauka, yakaanza kuchacha kwa joto. Nzi walinifuata. Niliwaza benchi lile na wanawake wale wakinicheka, na nesi akiniuliza jina, nami nanuka tumbo la mbuzi. Nikajiambia, nitaenda nikishaoga.

Siku ya tatu Nyibol alikuja kuulizia mkaa. Alinikuta chini, midomo imepasuka.

"Akiru! Yalla, inuka, twende hospitali."

"Nitaenda nikioga."

"Oga basi! Maji si hayo?"

"Mpaka keshokutwa."

Aliniangalia kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. Aliongea na Ata, lakini Ata alimjibu kwa Kiturkana na yeye hakuelewa. Akaondoka akiongea peke yake.

Siku ya nne sikumbuki vizuri. Nakumbuka mtoto alicheza sana tumboni, kama anatafuta mlango, halafu akatulia. Siku ya tano asubuhi Ata alileta maji ya kunisafisha. Alipoanza kumimina nilikakamaa, macho yakageuka, nikauma ulimi. Haya nimesimuliwa. Nyibol alikuwa amerudi. Ekal alikuwa amesimama pale ameshika funguo za pikipiki, anamtazama mama yake, anasubiri amalize kuosha. Nyibol akamwambia, "Ukitaka kumzika mke wako, ngoja amalize kuoga!"

Wakanipakia pikipiki, Ekal mbele, Nyibol nyuma, mimi katikati nimefungwa kwa leso ya Nyibol nisianguke. Nilifika hospitali nusu yangu imeoshwa na nusu bado ina majani.

Nilipozinduka nilikuwa na sindano ya dripu mkononi. Daktari alisema malaria ilikuwa imepanda kichwani, joto langu lilikuwa limefika arobaini na moja, na damu imepungua. Nesi mmoja alikuwa ananipangusa shingo kwa kitambaa chenye maji. Nikaona majani kwenye kitambaa, nikafunga macho kwa aibu.

"Dada," akasema, "huyu mbuzi alikuwa mnono?"

Nikageuzia uso ukutani.

"Mlikula wenyewe bila kuniita? Haya. Inua mkono."

Hiyo ndiyo aibu niliyokuwa nikiiogopa siku tano. Iliisha kwa maneno hayo machache. Nesi yule alikuwa amepangusa wanawake wengi kama mimi, wala hakuona ajabu. Nililia, akadhani nina maumivu.

Nililala pale siku tisa. Niliongezewa damu. Nywele zilinyonyoka baadaye, nikawa kama mzee, masikio yakalia kengele miezi miwili. Lakini nilipona, na mtoto alikuwa hai. Alizaliwa kwa wakati wake, mvulana, akalia vizuri. Wazee walitaja majina ya marehemu wa ukoo wakirusha tumbaku chini, wakamwita Erupe. Nilidhani ushuhuda wangu umeishia hapo.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Wa pili nikaona. Watoto wa jirani walikuwa wakiita mama, wakionyesha kidole ndege, mbuzi, gari. Wangu hakuonyesha chochote. Hakunitazama machoni. Nikiita, hageuki, lakini mfuniko wa sufuria ukianguka nyuma ya nyumba anageuka. Kwa hiyo hakuwa kiziwi. Alitembea kwa vidole vya miguu. Alipanga vipande vya mkaa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni, na ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Mvua ikipiga mabati alijigonga kichwa ukutani. Nilikuwa naweka kiganja changu kati ya kichwa chake na ukuta. Kiganja kilivimba.

Kwetu mtoto akisumbuka hivyo, watu husema jina limemkataa. Marehemu hataki jina lake litumike na mtoto huyo. Basi Ata akaita wazee. Erupe akashikwa na wanaume wawili, akanyolewa, akapewa jina Lomuria. Alilia siku ile mpaka sauti ikapotea. Miezi ikapita, hakuna kitu. Wazee wakaja tena, akashikwa tena, akanyolewa tena, akaitwa Ekidor. Ata alimwita Ekidor. Ekal alimwita Lomuria kwa sababu alikuwa amezoea. Mimi nilimwita Erupe kimya kimya tukiwa wawili. Baada ya hapo akimwona mtu na wembe tu anajikojolea.

Alipofika miaka mitatu alianza kutoroka. Hakuwa anakimbia watu, alikuwa anaenda tu. Siku moja alipatikana katikati ya laga, amekaa anachota mchanga, na mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani. Ninyi mnaokaa Kakuma mnajua maji ya laga hayabishi hodi. Mchungaji wa ngamia aliyemtoa alinitukana, na alikuwa na haki.

Baada ya siku ile nilimfunga. Nilichukua kamba ya mkoma, nikamfunga kifundo cha mguu kwenye nguzo ya nyumba, nikaenda kuuza mkaa. Nilisema ni siku moja. Ikawa miezi minne. Kamba ilimla ngozi, kidonda kikatoa usaha. Nilipaka chumvi nikafunga mguu wa pili. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuifuta. Lakini nilifanya.

Nyibol alikuja kunitembelea wiki kadhaa baadaye, mguu huo nao ukiwa umechubuka. Alisimama mlangoni.

"Akiru, unafuga mbuzi siku hizi?"

Nilidhani anatania. Kisha nikaona uso wake. Alipiga magoti akafungua kamba mwenyewe, huku Erupe akimuuma mkono, na hakuutoa.

Alitupeleka kambini, mahali wanapofundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu alikuwa mwanamume kutoka Kongo. Alikaa chini mchangani, mbali kidogo na Erupe, hakumgusa. Akapanga vijiti mstari mmoja. Erupe akamtazama pembeni, halafu akaongeza kijiti chake. Mwalimu akaniuliza, "Mama, mutoto anaitwa nani?"

Nilimweleza majina yote matatu.

"Majina tatu?" akasema. "Hata mimi ningenyamaza. Chagua moja, mama. Moja tu, na watu wote nyumbani waite hiyo."

Alitupa barua ya kwenda kumwona daktari wa watoto Lodwar. Daktari alikaa nasi asubuhi nzima. Alisema mtoto wangu ana usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, na hauponi kwa sindano. Ubongo wake umeumbwa tofauti. Anaweza kujifunza, lakini polepole na kwa njia yake.

Nilimuuliza swali ambalo lilikuwa limekaa kifuani tangu siku ile ya laga. "Daktari, nilikuwa na homa nikiwa na mimba yake. Siku tano. Ni hiyo?"

Akasema, "Homa kali wakati wa mimba inaweza kuongeza hatari hiyo kidogo. Lakini wanawake wengi hupata homa na watoto wao wako sawa. Na wengine hawakupata homa kabisa, na mtoto ana usonji. Kwa mtoto wako, hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia ni homa au si homa."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Nilitaka aseme ndiyo, ili nijue. Au aseme hapana, ili nilale. Mpaka leo ninakaa katikati.

Nilirudi Kakuma nikakuta mzee wa Lokiriama amefika, kaka yake Ata. Alikuja kumchukua mtoto. Ata alikuwa amepanga nikiwa Lodwar. Alisema huko mpakani mwa Uganda kuna emuron mwenye nguvu kuliko wetu, na kuna mifugo, mtoto atakaa na wachungaji. Hakusema atarudi lini. Nikajua hatarudi. Huko hakuna mtu anayejua kwamba Erupe hali chakula kilichogusana na kingine, kwamba mvua ikinyesha lazima kiganja kiwe ukutani. Angetoka bomani siku ya kwanza akaenda zake, na nchi ile haina mwisho.

"Ni vizuri kwake," Ata akasema. "Mbuzi hawamcheki mtu."

Ekal alikuwa anatazama chini. Nikasema, "Haendi."

Mzee akauliza, "Nani ameongea?" Hakuwa ananidharau, kweli hakusikia. Sauti yangu ni hiyo.

"Haendi," nikasema tena. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumjibu mkubwa. Maneno yalikuwa yameshatoka, nikaendelea. Niliwaambia yote ya daktari. Niliwaambia si jina, si marehemu, si uchawi. Niliwaambia juu ya homa, kwamba labda ni siku zile tano na labda si zile, na kwamba mtu mwenye mimba akipata homa dawa yake iko hospitali siku hiyo hiyo.

Ata alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo ni mkono wangu uliompaka."

"Ni miguu yangu pia, Ata. Haikutembea."

"Mimi nilimchinja mbuzi wangu wa maziwa kwa ajili yako."

"Najua."

Kesho yake asubuhi mzee aliondoka kurudi Lokiriama, na Ata aliondoka naye. Aliacha vyombo vyake. Alisema hawezi kuwa anamwona mtoto kila siku na kukumbuka. Tangu hapo ni zaidi ya mwaka. Ametuma salamu mara mbili kwa watu wa malori, akiuliza kama mtoto anakula. Hajarudi. Ekal hakunisemesha wiki nyingi. Alikuwa akinywa chai anatoka. Halafu siku moja alikuja amefunga matawi ya miiba nyuma ya pikipiki, akayashusha, akaenda kuleta mengine. Alizungusha ua boma zima, akaweka mlango wa mabati wenye kitasa juu. Alipomaliza alisema, "Hapo hatatoka. Tupa hiyo kamba." Nikaitia motoni ikawaka.

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo ni mazuri. Erupe ana miaka minne na hajasema neno. Hajui choo. Kuna siku ananipiga usoni na siwezi kujua kwa nini. Ana kovu kwenye miguu yote miwili na mimi ndiye niliyelitia. Lakini sote tunamwita Erupe, na mwezi uliopita nilimwita akiwa amenipa mgongo, akageuka. Aligeuka tena jioni. Akitaka maji ananishika kidole ananipeleka kwenye mtungi. Mwalimu anasema hayo ni mazungumzo.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai. Namshukuru yule nesi aliyenipangusa, sikumuuliza jina. Nyibol ana alama ya meno mkononi, namshukuru kila nikiiona. Namshukuru Ata pia. Kama kuna mtu wa Lokiriama anayesoma haya, amwambie vyombo vyake nimevitunza.

Dada yangu mwenye mimba, ukisikia baridi wakati watu wote wanatoka jasho, nenda siku hiyo. Usinywe dawa ya duka kwa kubahatisha, lakini ukipewa dawa hospitalini ya kushusha homa, inywe, usiifiche. Lala ndani ya neti hata kama ni joto. Kama umepakwa majani ya mbuzi, nenda nayo vilevile. Ukichekwa, chekwa. Na kama homa imeshapita na mtoto amezaliwa, usikae ukihesabu siku kama mimi. Mtazame mtoto, na ukiona hageuki ukimwita, mpeleke mapema, usingoje miaka mitatu.

Sasa nina ombi. Dada wa kliniki amesema karatasi hizi zitasomwa kwa kina mama wa Kakuma na Lodwar, na yeyote anayetaka kunijibu amwachie yeye dirishani. Naomba mnijibu. Hata mistari miwili, hata kama mwandiko ni mbaya kama wangu. Zaidi naomba mama ambaye mtoto wake kama Erupe ameshakuwa mkubwa. Niambie, alijifunza choo akiwa na miaka mingapi? Alisema neno gani kwanza, au hakusema? Na wewe ukiumwa ukalazwa, nani anabaki naye?